Andikeni vipimo vya nyuma ya Difenda: barua ya wazi kuhusu magari ya doria ya polisi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Afande Inspekta Jenerali wa Polisi, na maofisa wote wa ununuzi na ufundi mnaopitisha vipimo vya magari ya Jeshi la Polisi Tanzania.

Waheshimiwa,

Land Cruiser 79 linapotoka kiwandani Japani ni pikapu tu. Linageuka kuwa gari la doria baadaye, pale linapofungwa benchi, mabomba, turubai, vimulimuli, king'ora na redio, kisha likapewa namba za PT. Kiwanda kimejaribu breki, chesisi na mikanda ya kabini. Lakini ile kazi ya pili, inayoamua kama askari wanane walioko nyuma watafika, hufanywa kwa mazoea: bodi mpya inanakiliwa kutoka bodi ya zamani, na waya wa taa unapita pale fundi alipoona pana nafasi. Wananchi wanaliita Difenda mpaka leo, jina lililobaki tangu enzi za Land Rover. Mpangilio wa nyuma nao umebaki wa enzi hizo.

Ombi letu ni hili. Kabla ya zabuni ijayo, kila kitu kinachofungwa baada ya kiwanda kiwe na vipimo vyake vilivyoandikwa na mchoro wake, kijaribiwe, na gari lisipokelewe likishindwa. Hatuombi magari ya bei kubwa zaidi.

Tunaanza na benchi. Benchi la katikati, askari wakigusana migongo na kutazama nje, lina sababu yake: wanaona pande zote mbili na wanashuka kwa hatua moja. Sababu hiyo tunaielewa na tunaiheshimu. Lakini tuangalie kinachotokea gari likiwa kilomita 50 kwa saa, likagonga lori lililoharibika bila alama, na pua yake ikajikunja nusu mita. Mwili wa kilo 80 unasimamishwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja na nusu. Hakuna mkono unaoweza kushika bomba kwa nguvu hiyo. Na kwa kuwa askari amekaa kiubavu, anatupwa kwa bega kumwelekea mwenzake, na wa mbele kabisa anapokea uzito wa wote walio nyuma yake. Hata mkanda wa kiuno hausaidii sana mtu aliyekaa hivyo, kwa sababu kiwiliwili na shingo vinapinda kwa upande juu ya mkanda.

Kupinduka ni hatari nyingine. Askari aliyekaa juu ya benchi hilo, kiini cha uzito wa mwili wake kiko kama mita 1.5 kutoka barabarani. Tuchukue gari la kilo 2,100 ambalo kiini chake kiko sentimita 75. Wakipanda askari wanane na vifaa vyao, tuseme kilo 700, kiini cha pamoja kinapanda hadi sentimita 94 hivi. Kwa upana wa mita 1.45 kati ya magurudumu, kipimo cha uthabiti, yaani nusu ya upana ukigawanya kwa kimo cha kiini, kinashuka kutoka 0.97 hadi 0.77. Moja ya tano ya uwezo wa gari kusimama kwenye kona imepotea kabla dereva hajawasha injini. Dereva aliyejifunza kona ile gari likiwa tupu, siku ya dharura anaiingia kwa mwendo uleule na gari halimrudishii.

Tunapendekeza pikapu yenye kabini mbili. Pikapu ya dabo kabini ya familia hiyohiyo inabeba watu watano wakitazama mbele, kila mmoja na mkanda wake, na bado inabaki na tela fupi nyuma, yaani sehemu ya wazi ya kubebea mizigo. Pale ambapo lazima watu wakae nyuma, viti viwe vinne, vitazame mbele au vitazame nyuma, visiwe vya kiubavu. Kila kimoja kiwe na mkanda wa kupita begani na kiunoni, na makalio yawe sentimita 30 hadi 35 kutoka sakafu ya tela badala ya 45 au 50. Tunajua mtauliza: na kikosi cha watu kumi na wawili kitapandaje? Kipande gari la kubebea watu. Pikapu moja isilazimishwe kuwa doria, basi na karandinga kwa wakati mmoja.

Juu ya viti hivyo panahitajika nguzo ya kuzuia kupondwa gari likipinduka. Mabomba yanayoshika turubai hayafanyi kazi hiyo. Mengi ni bomba jembamba lenye mshono, lililochomelewa moja kwa moja kwenye bati la tela, na likielemewa hujikunja pale penye kidonda cha weldi. Mfano wa kufuata upo tayari. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari ya rali zinataka nguzo kuu ya chuma kisicho na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2. Mguu wa nguzo unasimama juu ya bamba la unene wa milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, na unafungwa kwa bolti zisizopungua tatu za M8 daraja 8.8. Bomba la namna hiyo linaagizika, na mafundi wa kulikunja kwa mashine tunao.

Bolti za mikanda zisifungwe kwenye bati tupu. Bolti ya mkanda inayotumika zaidi duniani ni ya inchi 7/16, uzi wa UNF, na nyuma yake lazima pawe na bamba. Ikishikwa na washa peke yake, bati linachanika kama karatasi na mkanda unaondoka pamoja na mtu. Bamba la milimita 5, upana na urefu sentimita 6 au zaidi, kona zikiviringwa ili zisikate bati, linatosha kwa kazi yetu.

Chesisi nayo iheshimiwe. Isitobolewe kwenye kingo zake za juu na chini, kwa sababu ndizo zinazobeba mkazo. Tundu likilazimika, liwe kwenye ubavu, katikati. Isichomelewe. Moto wa weldi hulainisha chuma pembeni mwa kidonda, na ufa huanzia hapo baada ya miezi ya makorongo. Bodi ifungwe kwa bolti juu ya mpira. Na kwa magari mapya yenye kompyuta ya injini, mtu asishike fimbo ya weldi kabla ya kutoa waya wa betri na plagi ya kompyuta yenyewe.

Kuna kosa moja dogo linaloua breki, na halisemwi. Kwenye Land Cruiser zisizo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki), karibu na eksi ya nyuma kuna vali inayopima jinsi gari lilivyokaa na kugawa nguvu ya breki: gari likizama kwa mzigo, nyuma inapata breki zaidi. Fundi akiongeza majani ya springi ili gari lisizame, bila kurekebisha mkono wa vali ile, vali inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinachemka, na umbali wa kusimama unaongezeka wakati watu wanane wako nyuma. Kila gari linaloongezwa springi lirekebishwe vali siku hiyohiyo, na iandikwe kwenye kadi ya matengenezo.

Kuhusu mtuhumiwa. Mtu aliyefungwa pingu mikono nyuma na kulazwa au kukalishwa sakafuni hawezi kujizuia hata gari likifunga breki kidogo tu. Aprili 2015, katika jiji la Baltimore, Marekani, Freddie Gray alisafirishwa ndani ya gari la polisi akiwa na pingu mikononi na miguuni, bila mkanda. Alivunjika uti wa mgongo na akafa wiki moja baadaye, na jiji likalipa familia yake dola milioni 6.4. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(d), inataka heshima ya mtu ihifadhiwe katika upelelezi na wakati wote akiwa chini ya ulinzi. Kwa lugha ya fundi, hiyo maana yake ni kiti kimoja kinachotazama mbele, chenye plastiki ngumu inayosafishika kwa maji, mgongo ulioachiwa nafasi ya mikono yenye pingu, na mkanda ambao askari anaufunga bila kuinama juu ya mtuhumiwa. Dirisha la wavu la kumwona, na hewa. Kiti hicho kinamlinda askari pia, kwa kuwa mtu aliyefungwa mkanda hawezi kumrukia dereva.

Sasa umeme. Magari mengi ya doria hayafi kwa injini, yanafia kwenye waya.

Hebu tujumlishe gari linaposimama kwenye kizuizi usiku, injini imezimwa: vimulimuli vya LED ampea 8, redio ikisubiri ampea 1, taa ya kumulika kazi ampea 5. Ampea 14 kwa saa nne ni ampea-saa 56. Betri ya ampea-saa 70 inabaki na moja ya tano tu, na betri ya kuwashia injini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara haifiki mwaka. Kisha injini ya dizeli ya lita 4.2 inataka plagi za joto na stata yenye nguvu. Hapo ndipo mnapoona askari wanasukuma gari, au gari linaachwa linaunguruma usiku kucha kwa kuogopa kulizima.

Dawa yake ni betri ya pili ya ampea-saa 100, ya aina inayovumilia kushushwa, ikiunganishwa kwa rilei, yaani swichi inayojiendesha, inayofunga volti zikifika 13.3 na kuachia zikishuka 12.8. Vifaa vyote vya polisi vitumie betri ya pili. Betri ya kwanza ibaki ya stata. Vimulimuli vizimwe na kifaa chenyewe volti zikifika 12.0, na redio iachwe iwe ya mwisho kuzimika. Alternata, ile inayochaji betri, nayo ipimwe, kwa sababu gari likiwa sailensa, yaani likiunguruma bila kutembea, haitoi ampea zote zilizoandikwa juu yake. Wakati wa mwendo, taa kubwa, vimulimuli, king'ora, redio inayorusha na feni vikiwa pamoja vinakaribia ampea 40. Alternata ndogo ikiongezewa betri ya pili yenye njaa inapikika.

Waya ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Kutoka betri ya mbele hadi taa za nyuma ni kama mita 6, kwenda na kurudi 12. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa urefu huo una ukinzani wa omu 0.084; ukipitisha ampea 15 unapoteza volti 1.26 njiani. Taa inafifia, waya unapata joto, na fundi anayeambiwa taa ni mbovu anabadilisha taa. Waya wa milimita za mraba 10 unapoteza volti 0.3 tu. Fyuzi ya waya huo iwekwe ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Ikiwekwa chini ya dashibodi, kipande chote cha kabla yake hakina ulinzi, na ndicho kinachosuguana na ukuta wa injini hadi kikashika moto. Kila tundu la bati liwe na mpira, waya uvishwe ala, ushikwe kwa klipu kila sentimita 30. Viungo vya kuvua ganda kwa meno, kusokota na kuzungushia tepu vikataliwe wakati wa mapokezi, bila mjadala. Ethi, yaani waya unaounganishwa na bodi ya gari, ifungwe mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, kwa washa ya meno, kisha ipakwe grisi.

Redio inaponguruma taa zikiwashwa, mara nyingi kosa ni la taa. LED za bei rahisi zina saketi inayotupa kelele kwenye mawimbi ya VHF yanayotumiwa na redio. Kipimo chake hakihitaji maabara: fungua redio kwenye chaneli dhaifu, washa vimulimuli, sikiliza. Antena ya robo wimbi kwa megaherzi 155 ni ya sentimita 48, na inahitaji bati chini yake pande zote. Mahali pake ni katikati ya paa la kabini, nusu mita kutoka kwenye vimulimuli. Ikifungwa kwenye bampa au kwenye bomba la turubai, inarusha vizuri upande mmoja na upande mwingine inakuwa kiziwi, ndiyo maana gari moja linasikika likielekea mjini na halisikiki likigeuka. Uwiano wa mawimbi yanayorudi usipite 1.5, upimwe siku ya kupokea na uandikwe, ili fundi wa baadaye ajue ulianzia wapi. Maji yakiingia kwenye kichwa cha waya wa antena, uwiano huo unapanda taratibu na hakuna anayejua mpaka mtu aite msaada na asijibiwe.

Vimulimuli vilivyo juu ya kabini havionekani kwa anayekuja nyuma kama turubai limevizidi kimo. Tunaomba taa mbili ndogo kwenye ukingo wa nyuma wa turubai, juu kabisa, na utepe wa kuakisi wa sentimita 5 kuzunguka tela lote, pamoja na mistari ya mshazari kwenye mlango wa nyuma. Mwangaza upunguzwe usiku gari likiwa limesimama. Vimulimuli vikali mno vinampofusha dereva wa basi, naye hamwoni askari aliyesimama pembeni ya gari la doria.

King'ora kishushwe kwenye bampa la mbele. Kikiwa juu ya paa, askari wa nyuma amekaa mita moja kutoka kwenye spika ya wati 100. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini, desibeli 85 ni za saa nane na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 110 sikio linavumilia kama dakika moja na nusu. Safari moja ya dharura ni ndefu kuliko hapo.

Matundu yanayotobolewa kwa ajili ya waya na bolti yazibwe. Mwaka 2017 jiji la Austin, Texas, liliondoa barabarani Ford Explorer za polisi karibu 400 kwa sababu ya kaboni monoksaidi ndani ya kabini. Ford ilieleza kwamba njia mojawapo ya moshi ilikuwa matundu yaliyotobolewa nyuma wakati wa kufunga vifaa vya polisi na kutozibwa ipasavyo. Kwa njia hiyo, kazi ya pili ndiyo iliyofungulia sumu mlango. Kwetu turubai lililofungwa nyuma huku bomba la moshi likiishia chini ya tela linavuta moshi uleule kwa wanaokaa humo. Bomba lirefushwe litokee pembeni, nyuma ya gurudumu.

Matengenezo ya gari la doria yasihesabiwe kwa kilomita peke yake. Ford huwaambia wateja wake wa polisi kwamba saa moja ya kuunguruma bila kutembea ni sawa na maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Gari linalounguruma saa sita kila usiku linaongeza kilomita 318 ambazo dashibodi haizioni. Kwa siku 16 hizo ni zaidi ya kilomita 5,000, na oili imekwisha kazi huku kitabu kikisema bado. Saa ya kuhesabu muda wa injini ni kifaa cha bei ndogo. Ifungwe kila gari, na kadi ya oili isomwe kwa hiyo.

Vifaa vya kubeba tunavitaja kwa ufupi: kizima moto cha unga cha kilo 6 kilichofungwa kwa mkanda wa chuma, koni sita, pembetatu mbili, kamba ya kuvutia, koleo, jeki yenye kibao chake, machela inayokunjika, glavu, na vifaa vya kuzuia damu, kwa sababu kwenye ajali ya bodaboda gari la doria mara nyingi ndilo la kwanza kufika. Kila kimoja kiwe na mahali pake pa kufungwa. Kizima moto kilicho huru kinageuka kombora. Silaha ziwe na raki yenye kufuli na ufunguo kwa kamanda wa doria, zisishikwe kati ya magoti kwenye barabara ya mawe.

Polisi wa jimbo la Michigan, Marekani, hujaribu magari mapya ya doria kila mwaka, kuanzia kuongeza mwendo na breki hadi jinsi dereva na vifaa vinavyoenea ndani, na hutoa matokeo hadharani ili idara nyingine wasome kabla ya kununua. Kenya ilianza kukodi magari ya polisi mwaka 2013, na mkataba ukambebesha mwenye gari matengenezo. Njia yoyote mtakayochagua, ya kununua au ya kukodi, gari la mfano lijaribiwe kabla mengine hayajafungwa. Siku mbili zinatosha. Siku ya kwanza lipimwe uzito kwenye mizani kila eksi, likiwa na mifuko ya mchanga mahali pa watu, na lifungwe breki kutoka kilomita 60 kwenye lami kavu na yenye maji. Vifaa vyote viwashwe saa nne injini imezimwa, kisha liwashwe. Siku ya pili liende kilomita 200 kwenye barabara ya vumbi, na likirudi kila bolti ikaguliwe kwa spana ya kupimia nguvu na kila kiungo cha waya kiguswe. Wawepo madereva watatu wa doria, si maofisa pekee, na saini zao ziwe kwenye karatasi ya mapokezi.

Kwa magari yaliyoko barabarani leo, yasisubiri zabuni. Fyuzi karibu na betri, matundu kuzibwa, vali ya breki kurekebishwa, king'ora kushushwa na utepe wa kuakisi ni kazi ya fundi mmoja na msaidizi wake kwa siku moja na nusu kwa gari. Mikanda na viti vifuate mkoa kwa mkoa, vikianza na magari ya barabara kuu. Michoro ya viti, nguzo na waya tuliyoieleza hapa tuko tayari kuikabidhi bila malipo kwa ofisi mtakayoitaja.

Kwa heshima,

Mafundi umeme wa magari, mafundi bodi na wakufunzi wa udereva, Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza